Sifuri

Saa nane na robo usiku, Moshi. Baridi ya mlimani
imeingia wodini bila kupiga hodi.
Nanawa hadi viwiko, kisha napasha viganja
chini ya taa ya kitanda cha joto,
maana mkono wa baridi ni mwongo:
mtoto atashtuka,
nami nitaandika kwamba ameamka.

Jina lake bado ni la utepe wa mkononi,
Mtoto wa Anansia. Kilo tatu na gramu mia.
Kazaliwa jana kwenye zahanati huko Uru,
kitovu kimemzonga shingo mara mbili.
Hakulia. Dakika ya tano hakulia.
Ya kumi, mkunga bado anabonyeza mfuko wa hewa,
anahesabu kwa sauti kama anayenadi
mali isiyo na mnunuzi.

Karatasi yangu ina safu tisa.
Nainua mkono wake, nauachia:
unashuka kama kanga iliyoloa. Mbili.
Namkuna unyayo. Anakunja uso,
anarudi alikokuwa. Mbili.
Degedege, mara mbili tangu magharibi,
mguu ukiendesha baiskeli tusiyoiona. Moja.
Ngumi zimefungwa, kidole gumba ndani. Moja.
Namwachia kichwa kidogo juu ya kiganja changu.
Mwenzake wa kitanda cha pili angetupa mikono,
angeidaka dunia inayomponyoka.
Huyu hakudaka kitu.
Namtia kidole kinywani, nangoja.
Nangoja tena.
Utosi nimeugusa mwisho, kwa ncha ya kidole,
kama mtu anayejaribu ugali kama umeiva.

Nilipojumlisha, mama yake alikuwa nyuma yangu,
ameshika ukuta kwa mkono mmoja,
chupa ya mtori wa mkwewe kwa mwingine.
Alisoma kabla sijafunika.
"Kumi na tatu juu ya ishirini na mbili,"
akasema. "Asilimia hamsini na tisa. Hiyo ni C, sista.
Kafaulu."
Anafundisha darasa la nne.

Nimewahi kumwambia mama kwamba mtoto hayupo tena,
na ulimi haukunigomea hivi.
Mwalimu, nikasema, mtihani huu umegeuzwa.
Hapa tunaomba sifuri.

Akaweka chupa chini. Hakulia,
nami niliyezoea vilio sikujua pa kutazama.
"Kuna kijana darasani kwangu," akasema, "Tumsifu.
Mkono wake wa kulia hukaa hivi,"
akakunja ngumi, kidole gumba ndani.
"Mwandiko wake unatambaa. Mama yake alikuja
kunieleza kwamba alizaliwa kachoka.
Nikamwambia, mama, wote tulizaliwa tumechoka.
Nimemchapa kwa sifuri, sista. Mara ngapi, sijui."

Mashine ya hewa ilijibu kwa mapovu yake.
Nikamsogezea kiti.

Siku ya pili, kumi na nne.
Ya tatu, kumi na tano, na mimi nikaanza
kumwandalia maneno, kama mtu anayechagua sanda.
Ya nne, kumi na moja.
Ya tano nilikuwa mapumziko; nilifua, nikapiga simu wodini,
nikafua tena nguo zilezile.

Leo ni ya saba. Kinywa kinavuta,
kinasahau, kinavuta. Moja.
Shingo inataka kubeba kichwa, haijaweza vizuri.
Jumla ni tatu.
Si sifuri. Sitasema ni sifuri.
Nimemweleza kuhusu kliniki, kuhusu mazoezi,
kuhusu miezi ambayo hakuna karatasi yangu inayoijua.
Alisikiliza kama mwanafunzi wa mbele.
Kisha akaomba kalamu.

Faili la mgonjwa haliandikwi na mzazi. Najua.
Nilikuwa napima maziwa kwenye bomba la sindano,
matone mawili, matatu,
na nilipogeuka tayari ilikuwa pembeni ya zile namba,
kwa mwandiko wa ubaoni, wa duara:
Jitahidi.

Sikumuuliza kamwandikia nani.
Nimelirudisha faili kabatini hivyohivyo.